Kalenda ya mwaka kwanza, safu za mwezi baadaye

Wanaoniuliza jinsi ninavyopanga fedha za nyumbani hutaka kwanza kuona safu za mwezi: kodi kiasi gani, chakula kiasi gani, nauli kiasi gani. Mimi huwafungulia ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na ukurasa huo hauna hata moja kati ya hizo. Una miezi 12 iliyopangwa toka juu hadi chini, na mbele ya kila mwezi kuna malipo ambayo hayaji kila mwezi. Ada ya watoto wawili kila muhula unapofunguliwa. Bima ya afya, ambayo sisi huilipa mara moja kwa mwaka. Sare na viatu. Miwani ya mume wangu. Fundi wa cherehani yangu. Safari ya kwenda kuwaona wazazi. Tairi za baiskeli ya mtoto mkubwa, rangi ya ukuta, bomba linalovuja.

Kodi ya nyumba haimshtui mtu. Tarehe yake inajulikana, kiasi chake kinajulikana, na mwenye nyumba hasahau. Umeme na nauli ni hivyohivyo. Fedha za nyumba huparaganywa na malipo ambayo kila mtu anayajua lakini yamekaa mbali. Mtu akipanga mwezi mmoja mmoja, malipo hayo hayana pa kukaa kwenye karatasi yake, kwa hiyo fedha iliyopaswa kuyasubiri huonekana kama ziada na hutumika. Siku ya kulipa ikifika, yanaitwa dharura. Mimi nakataa kabisa kuiita ada ya shule dharura. Dharura ni mtoto kuvunjika mkono. Ada ilijulikana tangu mwaka jana.

Nitaeleza kwa mafungu ya 100, kwa sababu pato la kila nyumba lina ukubwa wake na hesabu hii haibagui. Chukulia kila mwezi nyumba inaingiza 100. Kwa mwaka ni 1,200. Katika nyumba yetu, ukijumlisha malipo ya ule ukurasa wa kalenda, unapata hivi kwa kukadiria: ada 36 kwa kila muhula, mihula mitatu, yaani 108, bima 36, nguo, sare na viatu 36, matengenezo 24, safari 24, miwani, zawadi na vidogovidogo vingine 12. Jumla 240. Gawanya kwa 12 unapata 20 kwa mwezi.

Maana yake ni kwamba mwezi wetu hauna 100. Una 80. Zile 20 tayari zina wenyewe, hata katika mwezi ambao hakuna anayezidai. Mume wangu alipoiona hesabu hii mara ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mke wangu, kumbe mshahara wetu ni mdogo kuliko tunavyousema." Ndivyo. Nami naona ni afadhali kulijua hilo mwanzo wa mwezi, ukiwa bado na nafasi ya kuchagua, kuliko kuambiwa na karani wa shule.

Kutenga hizo 20 kila mwezi kuna jambo moja ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote, nililipata kwa kupiga hesabu mwenyewe. Malipo ya mwaka hayaji kwa mpangilio sawa. Tuseme unaanza mwezi wa kwanza. Unaweka 20, lakini mwezi huohuo ada inadai 36 na sare zinadai 12. Tayari una upungufu wa 28. Mwezi wa pili unaweka 20, upungufu unashuka hadi 8. Mwezi wa tatu unaweka 20 tena, lakini bima inakuja na 36 zake, upungufu unapanda hadi 24. Wa nne, unashuka hadi 4. Wa tano, ada ya muhula wa pili inaupandisha hadi 20. Kwa hesabu ya mwaka mzima 20 zinatosha kabisa, lakini njiani unakwama, kwa sababu malipo makubwa yametangulia na akiba bado changa.

Dawa yake ni kuipitia kalenda mwezi kwa mwezi kwa penseli, ukiongeza ulichoweka na kuondoa kinacholipwa, na kutafuta mahali ambapo upungufu ni mkubwa kuliko pengine pote. Katika mfano huu ni 28. Hiyo ndiyo fedha unayohitaji kuwa nayo mwanzoni, mara moja tu, ili mwaka uzunguke bila kukopa. Asiye nayo aanze katika mwezi ambao malipo makubwa yamekwisha pita. Kuanza bajeti Januari hakuna ulazima wowote. Katika nyumba nyingi zenye watoto wa shule, Januari ndio mwezi mgumu kuliko yote kuanzia.

Na ukianza katikati, ugawe kwa miezi iliyobaki, usigawe kwa 12. Bima ya 36 inayodaiwa baada ya miezi minne inahitaji 9 kwa mwezi sasa hivi, ingawa ikishalipwa itahitaji 3 tu. Mwaka wa kwanza unabana kwa sababu hiyo. Ukiona huwezi kutenga yote, anza na yale yaliyo karibu na yasiyoweza kuahirishwa, ada na bima, uache rangi ya ukuta isubiri mwaka wa pili. Wanaoacha bajeti huiacha hapa, wakidhani mbano huo ni wa kudumu.

Sasa zile 80. Kodi inachukua 25. Umeme, maji, nishati ya kupikia na simu, 8. Nauli 6. Manunuzi ya chakula na sabuni tunayafanya kila wiki, na hapo nina neno. Sisi hutumia 7 kwa wiki. Watu wengi huzidisha kwa 4 na kuandika 28 kwa mwezi. Lakini mwaka una wiki 52, na wiki 4 mara miezi 12 ni 48 tu. Wiki nne nzima zimetoweka kwenye karatasi, nazo watu watakula. Hesabu sahihi ni 7 mara 52, yaani 364, ugawe kwa 12, unapata 30.3. Tofauti ya 2.3 kwa mwezi haionekani kubwa mpaka ukumbuke kwamba ni karibu nusu ya kile tunachoweka akiba. Mwezi pekee wenye wiki nne kamili ni Februari, tena si kila mwaka. Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa wiki kipigiwe hesabu ya wiki, na ukiweza, kitengewe fedha yake kwa wiki. Mimi hutoa 7 kila Jumamosi asubuhi, na fedha ya Jumamosi ijayo siigusi.

Kodi, huduma, nauli na chakula vinafika 69.3. Inabaki 10.7. Humo mna akiba ya dharura 5, kusaidia ndugu 3, na fedha ya mfukoni 2, moja yangu na moja ya mume wangu, ambayo hakuna anayemuuliza mwenzake ametumiaje. Nayatetea sana mafungu haya mawili madogo ya mwisho. Fedha ya mfukoni huzuia ugomvi mwingi, kwa sababu mtu mzima anayelazimika kutoa maelezo ya kila sarafu ataanza kuficha, na bajeti yenye mambo yaliyofichwa haina maana. Na msaada wa ndugu usipokuwa na fungu lake, utatoka tu, ila utatoka kwenye ada. Fungu likiisha kabla ya mwezi kuisha, naweza kumwambia ndugu kwa moyo mweupe kwamba nitampa mwezi ujao, na kweli nampa.

Kuna kanuni inayosambaa sana ya kugawa pato 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba na madeni. Ilienezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, msomi wa sheria wa Marekani ambaye baadaye alikuwa seneta, pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Naiheshimu kwa sababu inamlazimisha mtu kuweka akiba kabla ya kuona kinachobaki. Lakini haiwezi kuwa kipimo cha kila nyumba, na hili lilijulikana zamani. Mwaka 1857 Ernst Engel, mwanatakwimu wa Ujerumani, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa na pato dogo, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya pato hilo. Nyumba ambayo kodi na chakula peke yake vinafika 55 haijakosa nidhamu, imekosa pato. Inanisikitisha kuona watu wakijilaumu kwa sababu mafungu yao hayakufanana na ya mtu mwenye pato mara nne ya lao. Andika mafungu yako yalivyo, kisha ujitahidi kusogeza fungu moja baada ya jingine, kwa pointi mojamoja.

Mume wangu ana mshahara. Mimi nashona, na pato la kushona hupanda na kushuka. Karibu na kufungua shule nashona sare usiku na mchana. Katikati ya muhula cherehani inaweza kukaa kimya wiki nzima. Kwa wenye pato la namna hii, ushauri wa kuchukua wastani wa miezi iliyopita naona ni hatari, kwa sababu miezi mingi huwa chini ya wastani na michache mizuri ndiyo huupandisha. Mimi hupanga kwa mwezi mdogo kuliko yote ulioandikwa kwenye daftari langu la mwaka uliopita. Kinachozidi hapo kinaingia kwenye akaunti ya ushonaji na kukaa. Kila mwanzo wa mwezi najilipa kutoka humo kiasi kilekile, na miezi myembamba inabebwa na ile minene. Ninachoshona mwezi huu, nyumba inakila mwezi ujao.

Arbuni ya mteja siihesabu kuwa pato la nyumba mpaka nguo ichukuliwe. Ndani yake mna uzi, zipu, bitana na vifungo, na pia mna uwezekano wa mteja kubadilisha mawazo. Fedha ya kazi na fedha ya nyumba zikikaa pamoja, utanunua mboga kwa fedha ya zipu, na siku ya kumaliza gauni utaikopa nyumba. Yeyote mwenye biashara ndogo, hata kama ni ya kuuza kitu kimoja, ningemsihi aanze na hili kabla ya kuchora safu yoyote.

Mahali pa kuweka fedha za kalenda pana uzito. Sisi tuna akaunti ya pili isiyo na kadi, na mwanzoni mwa mwezi 20 zinaingia humo kabla hatujafanya lingine lolote. Mchumi atasema fedha ni fedha, haina sababu ya kugawanywa kwa majina. Lakini Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alionyesha kwamba binadamu hatuko hivyo: tunazitendea fedha tofauti kulingana na jina tulilozipa vichwani mwetu. Yeye alieleza pia jinsi tabia hiyo inavyotupotosha, mfano mtu kuwa na akiba yenye faida ndogo huku akilipa riba kubwa kwingine. Mimi naitumia tabia hiyohiyo kwa faida yetu. Fedha inayoitwa "ada ya muhula wa pili" ni ngumu kuitoa kwa ajili ya viti vipya. Fedha inayoitwa "salio" ni rahisi mno.

Kuhusu daftari au programu ya simu, sina ugomvi. Mwaka 1904 mwanahabari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo, na hadi leo wapo wanaoandika kwa mkono kwa mtindo huo. Mimi naandika kwa mkono kwa sababu daftari linakaa mezani na kila mtu wa nyumba analiona. Mtoto wetu mkubwa ndiye anayesoma mita ya umeme kila Jumapili jioni na kuandika tarakimu. Tangu apewe kazi hiyo anazima taa za vyumba visivyo na mtu bila kuambiwa, jambo ambalo maneno yetu hayakuwahi kulileta. Mdogo bado anataka tu kupiga mistari kwa rula, nami namwachia.

Deni nalo lina mahali pake kwenye kalenda, na kabla ya kulipanga, hakikisha unajua riba yake halisi. Chukua mkopo wa 120 kwa miezi 12, riba 20 kwa 100, inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Riba ni 24, jumla 144, unarejesha 12 kila mwezi. Inaonekana nyepesi. Lakini kufika mwezi wa sita umeshapunguza nusu ya mkopo, na bado unatozwa riba kana kwamba unashikilia 120 zote. Ukiihesabu juu ya deni lililobaki kila mwezi, riba hiyo inakaribia 35 kwa 100 kwa mwaka. Swali la kumuuliza mkopeshaji ni moja: riba inahesabiwa juu ya nini, mkopo wa awali au salio? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.

Wenye madeni kadhaa hushauriwa walipe kwanza lenye riba kubwa, kwa kuwa ndilo linalokula zaidi, au kwanza lililo dogo, ili wapate moyo. Mimi niko upande wa riba kubwa, ila naweka kando deni la ndugu au jirani. Hilo halina riba kwenye karatasi, lakini mtu aliyekukopesha ana watoto wake na kalenda yake. Namlipa huyo mapema, hata kwa vipande vidogo, na namwambia tarehe ya kila kipande.

Tulipomaliza mkopo wa cherehani, rejesho lake lilikuwa 5 katika kila 100. Mwezi uliofuata 5 hizo ziliendelea kutoka siku ileile. Tulibadilisha tu mahali zinapokwenda, na ndizo leo zinaitwa akiba ya dharura. Washauri wengi wanasema dharura iwe na matumizi ya lazima ya miezi mitatu hadi sita. Kwetu sisi matumizi ya lazima, pamoja na zile 20 za kalenda, ni kama 89 kwa mwezi. Kwa 5 kila mwezi, kupata mwezi mmoja tu kunachukua karibu mwaka na nusu, na miezi mitatu ni zaidi ya miaka minne. Naandika tarakimu hizi waziwazi kwa sababu mtu akiambiwa "weka miezi sita" bila kuambiwa itamchukua muda gani, huona ameshindwa kabla hajaanza. Lengo letu la kwanza lilikuwa nusu ya kodi ya mwezi mmoja. La pili, kodi nzima. Hata kiasi hicho kidogo kilitosha tulipohitaji kumpeleka mtoto hospitali usiku, na ada ilibaki ilipo.

Mwezi ukiharibika, na hakuna mwaka usio na mwezi ulioharibika, sifuti safu. Naandika fedha imehama kutoka wapi kwenda wapi: 2 kutoka nguo kwenda matengenezo, tarehe fulani. Tunaamua pamoja, kwa kuwa kila anayehamisha peke yake humwachia mwenzake mshangao. Ni mazungumzo ya dakika chache. Mume wangu huuliza kila mara, "Na hii tunairudisha lini?" na lazima niandike mwezi.

Mwishoni mwa mwaka tunaipitia kalenda yote, kila makadirio pembeni mwa kilicholipwa. Mwaka huu matengenezo yamezidi, kwa sababu mota ya cherehani imezeeka, kwa hiyo mwakani nayapandisha kutoka 24 hadi 30. Hiyo ni 0.5 zaidi kwa mwezi. Shule nayo imetangaza ada ya 38 badala ya 36 kwa muhula, nyingine 0.5. Kutenga kwetu kunakuwa 21. Hiyo 1 tumeitoa kwenye nauli, ambayo imeshuka kutoka 6 hadi 5 kwa kuwa mtoto mkubwa sasa anakwenda shule kwa baiskeli. Zile 0.7 zilizokuwa zikibaki bado zipo, na tumekubaliana ziende kwenye miwani, maana daktari amesema ya mtoto mdogo nayo itahitajika kabla ya muhula wa pili.